UPELE WA MBUZI

Mbuzi wako akijikuna ukutani mchana kutwa, usiseme, «Ni desturi ya mbuzi.» Mwangalie vizuri. Tazama midomo yake, kando ya macho, na masikio. Ukiona manyoya yametoka, na ngozi imekuwa nene yenye magamba, yafaa kufikiri kwamba ni upele. Mbuzi mwenye upele hali vizuri, hukonda, maziwa yake hupunguka, na anaweza kufa. Na pengine huyo ndiye mali ya kulipia masomo ya mtoto wako.

Sababu yake ni nini? Si uchawi wala hewa mbaya. Ni mdudu mdogo sana, ambaye jicho halimwoni. Huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Mbuzi wakigusana au wakilala pamoja, mdudu huhamia kwa mwingine.

Basi, fanya hivi:

1. Mtenge mgonjwa siku ile ile. Usimfiche kwa haya. Wajulishe jirani ambao mbuzi wao huchungwa pamoja na wako.

2. Mwite mganga wa mifugo. Sindano ya ivermektini huua mdudu, lakini haiui mayai. Kwa hiyo hupigwa tena baada ya siku 14. Wengi hukosa hapa: mbuzi akipata nafuu, wanaacha sindano ya pili, na upele unarudi.

3. Mbuzi wote wa zizi watibiwe pamoja, hata wasiojikuna.

4. Choma majani waliyolalia. Kibanda kikae kitupu wiki 3.

5. Usimpake mafuta machafu ya motokari. Ni sumu, na mbuzi huyalamba.

6. Mwulize mganga ni siku ngapi usimchinje wala usinywe maziwa yake.

7. Mbuzi mpya akae kwanza peke yake mwezi 1.

Nawe unawe mikono kwa sabuni kila ukimgusa mgonjwa. Mdudu wa mbuzi anaweza kukuwasha, lakini hadumu kwa mtu. Mwasho usipokwisha, au ukizidi usiku katikati ya vidole, njoo hospitali pamoja na watu wote wa nyumba yako. Huenda ni upele wa watu, nao una dawa yake.

Maulizo

Kwa nini sindano moja haitoshi?

Kwa nini tunatibu hata mbuzi asiyejikuna?

Je, leo umetazama masikio ya mbuzi wako?