Kabla ya kumfungulia mlango binti mwenye mimba

Tuseme kikundi chenu cha VICOBA au jumuiya yenu ya dini imepata nyumba, na mnataka kuwahifadhi mabinti waliofukuzwa kwao kwa sababu ya ujauzito. Kazi hiyo inahitajika sana. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba. Lakini msianze na vitanda.

Anzeni na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na makao ya watoto hayaendeshwi bila leseni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ndiyo inayosimamia jambo hilo. Binti akibisha hodi usiku kabla hamjapata leseni, pigeni 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, na kukicha mjulisheni mwenyekiti wa mtaa. Usiku huo apewe maji ya kuoga, chakula na mlango unaofungwa kwa ndani. Habari za aliyempa mimba zisubiri, na zikiulizwa ziulizwe faraghani, na mtu mmoja tu. Kama kuna ubakaji, shauri linakwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, wala wazee wasikae kulimaliza kwa mbuzi au pesa.

Kliniki iwe wiki hiyohiyo, maana wengi wao wamechelewa kwa kuficha tumbo. Asindikizwe na mtu mzima anayeweza kujibu maswali ya muuguzi bila kuona aibu. Kifafa cha mimba huwapata zaidi wenye mimba ya kwanza na wenye umri mdogo, kwa hiyo kila mmoja nyumbani azijue dalili zake: kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba. Pataneni mapema na dereva wa bajaji anayepokea simu usiku, na nauli yake iwekwe kando isiguswe.

Mtoto akishazaliwa, ndipo nyumba inapopimwa. Tangu Novemba 2021 serikali imewaruhusu walioacha shule kwa ujauzito kurudi katika mfumo rasmi. Vipo pia vyuo vya maendeleo ya wananchi 54, na baadhi vinampokea mama pamoja na mwanawe. Ila ruhusa haimbebi mtoto kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri. Bila mtu wa kumshika, binti atahudhuria wiki mbili, mtoto atapata homa, na shule itakuwa imeishia hapo. Kwa maoni yangu, kama fedha zinatosha jambo moja tu, mlipeni mama mlezi wa mchana kabla ya kununua godoro la tano. Alipwe kila mwezi. Wa kujitolea huchoka, na ana wanawe wa kulisha.

Mfundisheni binti kukamua maziwa kabla ya kutoka, kwenye kikombe kilichochemshwa chenye mfuniko, kiwekwe penye ubaridi na kitumike ndani ya saa nne. Mtoto anyweshwe kwa kikombe taratibu, kikigusa tu mdomo wa chini. Hata mtoto mchanga huweza. Chupa ni ngumu kusafisha, na kuhara kwa mtoto huanzia hapo. Binti akirudi akabidhiwe mwanawe papo hapo, aogeshe, anyonyeshe, alaze. Mlezi asije akawa ndiye mama, mwenyewe akabaki kama dada wa mtoto wake. Hata hivyo, usiku wa kuamkia mtihani, mtu mwingine amshike mtoto, kwa sababu binti naye bado anakua na anahitaji usingizi.

Msiweke sheria ya binti kuondoka mtoto akifikisha miezi mitatu. Ni ukatili, maana hapo ndipo anapoanza kupata nguvu za kusoma. Hesabuni miaka miwili, na mazungumzo na familia yaanze mapema kupitia bibi au shangazi anayesikilizwa. Wakikubali kumpokea, nendeni kwanza mkaone atakapolala, na muulize ni nani wengine wanaolala humo. Kama aliyempa mimba bado yumo, binti abaki kwenu, na afisa ustawi ajulishwe siku hiyohiyo.