Mgambo anakamata, hahukumu

SWALI: Mgambo wa kijiji akinikamata usiku hapa Nkunga, wilayani Rungwe, nimtii au nimkatalie?

JIBU: Mtii, kisha mdai afuate sheria. Tangu mwaka 1975 sheria imempa mgambo aliye kazini uwezo wa kukamata kama askari polisi wa cheo cha chini. Sungusungu, yaani walinzi wa jadi walioanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, nao walitambuliwa kisheria mwaka 1989. Lakini kukamata si kuhukumu. Anayekukamata akutajie kosa na akufikishe polisi bila kukuchelewesha. Viboko na faini isiyo na stakabadhi havimo katika mamlaka yake. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu kuteswa au kudhalilishwa.

Wapo watakaosema polisi wako mbali na mwizi wa ndizi hasubiri taratibu. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo sababu mgambo alipewa uwezo wa kukamata. Haihalalishi kipigo, kwa sababu kipigo humwangukia asiye na hatia sawasawa na mwizi. Tena, ulinzi wa kijiji hutegemea habari: wananchi wakimwogopa mgambo kuliko mwizi, nani atamnong'oneza mgambo kuhusu mtu aliyemwona shambani usiku? Kwa hiyo, lipelekeni suala hili kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mtendaji wa kijiji asome majina ya walio zamu na aeleze kila shilingi iliyokusanywa. Mgambo anayejulikana na kuwajibika ndiye anayelinda.