Asubuhi Baada ya Dhoruba, Using'oe Kitu Bado

Kirumba, hapa Mwanza, dhoruba huja usiku. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Giza likiingia, mkondo hugeuka: hewa iliyopoa ya nchi kavu huteremka kutoka kila upande wa ziwa na kukutana juu ya maji yaliyobaki na joto, na mawingu ya radi hujengeka humo mpaka alfajiri. Kwa hiyo hasara tunaikuta tunapofungua mlango asubuhi: bati la jirani limelala juu ya mchicha, mpapai umekatika kiunoni, mgomba uko chini na mkungu wake.

Mkono hukimbilia panga. Naomba uuzuie. Katika bustani zetu nimeona mimea mingi ikinusurika upepo, kisha ikifa kwa yale tuliyoifanyia siku tatu zilizofuata: imekatwa ovyo, imemwagiwa urea, imeng'olewa wakati mizizi ilikuwa bado hai.

Kabla ya yote, inua macho. Tawi likiwa limegusa waya wa umeme, usiliguse wala usilisogelee. Wapigie TANESCO na uwazuie watoto. Mwembe mkubwa ulioinama kuelekea nyumba nao ni kazi ya fundi mwenye kamba na wasaidizi.

Kisha tazama maji yamesimama wapi. Mwanza ni mji wa mawe. Mvua ikipiga miamba haina pa kuzama, hushuka yote kwa pamoja hadi bondeni. Juu ya vilima udongo wetu ni ule wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, nao hukauka haraka. Chini karibu na ziwa maji hutuama. Mpapai ukisimama ndani ya maji siku mbili tu unaweza kufa, kwa sababu mizizi yake inakosa hewa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya jembe ni kuchimba mfereji wa kuyatoa maji, hata kabla ya kuinua kilichoanguka. Na kama maji hayo yalipita kwenye vyoo, mboga za majani yalizozigusa usizile wala usiziuze. Zing'oe uzifukie. Hapa sina huruma na mchicha. Kipindupindu ni kibaya zaidi.

Sasa mpapai. Shina lake ni wazi ndani kama bomba, na likikatika, mvua inayofuata huingia humo na kuliozesha kuelekea chini. Kata kwa mshazari chini ya palipopasuka, mpaka ufikie sehemu nzima, kisha lifunike kwa kopo tupu la bati. Nawa mikono vizuri, maana utomvu wake unawasha, hasa ukiingia machoni. Baada ya wiki kadhaa vichipukizi vitatokea ubavuni. Chagua kimoja au viwili vyenye nguvu, vingine uvitoe. Mpapai ulioinama tu, bila kukatika, usiulazimishe kusimama wima kwa siku moja, utakata mizizi iliyobaki. Ushindilie udongo upande uliofunuka, uuwekee mrunda wa kuuegemeza, na ncha itajigeuza yenyewe kuelekea juu. Kama ni mzee na umeshachoka kuzaa, panda mwingine. Mpapai mchanga hauchukui muda mrefu kuanza kuzaa.

Kwa mgomba jambo kubwa ni panga lenyewe. Mgomba uliovunjika shina hautazaa tena, basi kata, pika ndizi zilizokomaa, na acha mtoto mmoja mwenye afya na mjukuu mmoja washike nafasi ya mama. Lakini usitoke mgomba mmoja kwenda mwingine na panga lilelile. Mnyauko wa bakteria, ambao wenzetu wa Kagera wamehangaika nao kwa miaka mingi, husafiri kwa panga lenye utomvu. Pitisha makali kwenye moto mpaka yasishikike, ndipo uendelee. Ukikata ukaona usaha wa njano ukitoka kwenye shina, au ndizi zinaiva kabla ya wakati, simama hapo na umwite afisa ugani wa kata.

Miti ya matunda, kama mwembe, mparachichi na mlimao, inahitaji subira zaidi. Jeraha la mti haliponi kama letu. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba mti haurudishi sehemu iliyooza. Huijengea ukuta ndani na kuota mbao mpya kando yake. Ukuta huo huanzia kwenye kivimbe kinachozunguka tawi pale linapotoka kwenye shina. Basi kata nje kidogo ya kivimbe hicho, usikikwangue, na usiache kisiki kirefu. Tawi zito likate kwanza kwa chini, hatua moja kutoka kwenye shina, kisha kwa juu, lidondoke bila kuchuna gamba. Ndipo umalizie karibu. Usipake jeraha rangi wala oili chafu. Chokaa iliyozimuliwa kwa maji ina kazi nyingine: paka kwenye magamba yaliyokuwa kivulini na sasa, majani yakiwa yameanguka, yanachomwa na jua letu.

Mti mchanga uliong'oka usimamishe siku hiyohiyo huku mizizi imefunikwa kwa gunia bichi. Ufunge chini, si shingoni, ili shina litikisike kidogo na kukaza. Tumia kanga kuukuu au kipande cha nyavu za dagaa, ambazo kwenye soko la samaki la Mwaloni hazikosekani. Waya hukata gamba.

Nyanya usiziguse zikiwa zimelowa, kwani bakajani husambaa kwa mikono na maji. Zikikauka, ondoa majani yaliyochanika, inua shina, na sehemu iliyolala ifukie: itaota mizizi. Tandaza nyasi kavu ili matone yasirushe udongo juu ya majani. Matembele yaache, yatajirudi yenyewe.

Mvua ya mawe ni msiba mwingine kabisa. Machi 2015, kijijini Mwakata, Kahama, iliua watu zaidi ya 40 kwa usiku mmoja na kufuta mashamba. Hakuna anayefikiria bustani kabla ya kuwatafuta watu. Lakini ikipita, mahindi madogo yasiyofikisha majani sita usiyalime upya haraka, maana kiini chake cha kukua bado kiko chini ya udongo. Ngoja siku saba hadi kumi uone kama jani jipya linatoka katikati.

Mbolea isubiri majani mapya. Luseni hupoteza rutuba kwa mvua kubwa, kwa hiyo mmea utaihitaji, lakini samadi iliyooza, kidogo kidogo, mbali na shina.

Wiki mbili zikipita, chukua tawi unalolitilia shaka na ulikwaruze kwa ukucha. Chini ya gamba kukiwa na kijani kibichi, liache. Kukiwa kahawia na kukavu, sogea nyuma kidogo, kwaruza tena, na ukate pale kijani kinapoanzia.