Bi Mwanaidi wa chumba cha nyuma

*Shangazi, nina miaka 38, naishi Tanga, nina mume na watoto wawili. Mume wangu ni dereva wa lori, hukaa safarini hata wiki tatu. Miaka miwili sasa natengeneza wanasesere wa udongo wa polima anaoniletea mdogo wangu aliyeko Muscat. Mmoja nimemwita Bi Mwanaidi, mjane wa Pangani anayeuza vitumbua. Nimemjengea jiko ndani ya boksi la viatu, na kila usiku naandika kwenye daftari jinsi alivyoshinda. Mwezi uliopita wifi yangu alifungua mlango, akapiga kelele kwamba nafuga vinyago. Mume aliporudi akanikuta namsemea Bi Mwanaidi huku vichwa viwili vimo kwenye oveni. Anataka nivitupe vyote, na hata jina la Bi Mwanaidi halijui. Je, nina kasoro ya akili? Na jambo dogo: kifumbu chake cha kukamulia tui kimenishinda, kila nikikifinyanga kinatoka kama kizibo cha soda.*

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na picha ulizoniletea nimezitazama nimevaa miwani. Bi Mwanaidi ana sentimita 13, kwa hiyo umemgawa mtu mzima kwa kumi na mbili, kipimo kinachotumiwa sana na watengenezaji wa nyumba za wanasesere. Kilichonishika zaidi ni kisigino chake. Umekichora mipasuko kwa ncha ya sindano, ukaipaka rangi ya vumbi, kikawa kisigino cha mwanamke aliyesimama jikoni miaka arobaini. Hiyo ni kazi ya mtu anayewatazama watu kwa makini na kuwapenda. Sioni kasoro hapo.

Ungeniambia kwamba Bi Mwanaidi anakuamuru, au kwamba wanao wanalala na njaa kwa sababu yake, ningekwambia uende hospitali kesho asubuhi. Lakini unasema mwenyewe kwamba sauti yake unaisemea wewe, na ukifunga daftari unakwenda kulala. Mwaka 1826, huko Haworth, Uingereza, mchungaji Patrick Brontë alimletea mwanawe wa kiume askari wa mbao. Dada zake wakajitwalia kila mmoja askari wake, wakawapa majina, wakawatungia miji na vita, wakawaandikia hata magazeti, kwa herufi ndogo mno, kwenye vijitabu vinavyotoshea kiganjani. Mchezo huo haukuisha utotoni. Mwaka 1845 mmoja wa dada hao, Emily, akikaribia miaka 27, alisafiri na mdogo wake Anne kwenda York, na safari nzima walijifanya watu wa Gondal, nchi waliyoibuni wenyewe. Miaka miwili baadaye riwaya yake Wuthering Heights ikachapishwa. Sikuahidi riwaya, mwanangu. Nataka tu ujue kwamba ulilo nalo lina ukoo.

Hata udongo wako una ukoo. Mwaka 1905 Käthe Kruse, Mjerumani, alimtengenezea bintiye mwanasesere kwa taulo, mchanga na kiazi kuwa kichwa, kwa kuwa baba mtoto, mchonga sanamu, aliwaona wa dukani wabaya mno. Binti yake mwingine, aliyeitwa Fifi, ndiye baadaye aliyeuendeleza udongo ulioingia sokoni kwa jina la FIMO.

Wifi yako ameshtuka, msamehe. Siku moja mkaribishe chai, umwonyeshe mikono yako ikifanya kazi. Kama hofu yako ni ya dini, mwulize shehe unayemwamini. Wanazuoni wamelijadili jambo hili tangu zamani, na habari ya Bi Aisha, mke wa Mtume, na wanasesere wake inajulikana.

Kwa mume wako, kwanza mpe haki yake juu ya oveni. Udongo huu haufanani na ule wa mfinyanzi. Ni plastiki, PVC iliyolainishwa, inayokomaa kwenye nyuzi 110 hadi 130 hivi za Selsiasi, kama pakiti itakavyokuelekeza. Ukizidisha moto ikaungua, inatoa gesi yenye asidi inayochoma macho na koo. Namba za kwenye oveni usizitegemee, nunua kipimajoto. Fungua madirisha, usioke vichwa pamoja na chakula, na ukijaliwa tafuta oveni ndogo iwe ya kazi hiyo tu. Jiko la mkaa usilijaribu kabisa.

Sasa lililo zito. Umeniandikia mimi, mtu usiyenijua, kurasa mbili nzima ambazo hapo juu nimezifupisha: Bi Mwanaidi anavyowakopesha wavuvi vitumbua, asivyoweza kuuza koti la marehemu mumewe, anavyoiogopa kusi. Kisha ukasema mume wako hata jina lake halijui. Hapo nikaweka kalamu chini. Mtu ametoka barabarani wiki tatu, anafika kwake anakuta kicheko chako kiko nyuma ya mlango, anacheka nacho mtu mwingine. Nadhani udongo haumkeri hata nusu ya mlango ule. Na wewe ulianza kumtunga Bi Mwanaidi katika usiku wa kumngoja yeye, sivyo? Hilo naye hajawahi kuambiwa.

Usivitupe. Wala usianze kwa kujitetea. Akishakula na kupumzika, mletee Bi Mwanaidi sebuleni, mkononi, umsomee ukurasa mmoja wa daftari. Chagua ule wa koti. Akicheka, mwache acheke. Akinyamaza, mwache, usome mwingine siku nyingine. Akiuliza kwa nini mjane huyu ana kigoda kimoja tu jikoni, mjibu kweli.

Kuhusu kifumbu, udongo hautakusaidia, maana kifumbu husukwa. Nilimwuliza msusi wa mikeka. Anasema uchukue ukindu, uuchane kwa sindano mpaka uwe mwembamba kama uzi, uuloweke kidogo, kisha usuke ukizungushia kitako cha penseli. Uache ukauke humo humo, ndipo uchomoe penseli taratibu.