Breki Laini Mteremkoni: Jinsi ya Kutoa Hewa na Kutambua Hitilafu ya Breki za Pikipiki

Mkazi wa Mosocho hahitaji kuelezwa mteremko ni nini. Barabara kuu ya kutoka Kisii kuelekea Oyugis na Kisumu hupanda na kushuka, na njia za maramu zinazoingia vijijini ni kali zaidi, hasa mvua ikinyesha. Katika njia hizo pikipiki hubeba mwanafunzi, mama anayekwenda kliniki na mikungu ya ndizi ya sokoni. Somo hili linaeleza kwa nini breki hulegea, jinsi ya kutoa hewa ukiwa nyumbani, na wakati ambapo kazi ni ya fundi.

Jua aina ya breki yako

Pikipiki nyingi za bodaboda zina breki za dramu, ambazo huvutwa kwa kebo au kwa fimbo ya chuma. Hizi hazina mafuta ya breki, kwa hivyo hazitolewi hewa. Zikilegea, kaza nati ya kurekebishia hadi kanyagio lishuke sentimita 2 hadi 3 kabla ya breki kuanza kushika. Kisha zungusha gurudumu kwa mkono uone kama ni huru. Nati ikifika mwisho, au mshale ulio kwenye dramu ukipita alama yake, breki shuu zimeisha. Badilisha.

Nyingine zina breki ya diski, mara nyingi gurudumu la mbele. Utaitambua kwa kikopo kidogo cha mafuta kilicho kwenye usukani. Ukibana mkono wa breki, mafuta husukumwa kwenye paipu hadi kwenye kalipa, nayo hubana diski kwa pedi.

Kwa nini breki ya diski huwa laini

Mafuta hayabonyei, lakini hewa hubonyea. Hewa ikiingia kwenye paipu, nguvu ya mkono wako huishia kubonyeza hewa badala ya kubana diski. Mkono wa breki huwa kama sponji.

Sababu ya pili ni maji. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani kadiri muda unavyopita. Mafuta mapya ya DOT 4 hayachemki kabla ya kufika nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishafyonza maji kiwango hicho hushuka sana. Mwendeshaji anayezima injini mteremkoni ili kuokoa petroli huiachia breki kazi yote. Kalipa hupata moto, mafuta ya zamani huchemka, na mvuke hufanya yale yale yanayofanywa na hewa. Kwa hivyo, kama breki ni nzuri asubuhi lakini hulegea chini ya mteremko mrefu, kisha hurudi ikipoa, mafuta yamezeeka. Yabadilishe yote, na uteremke injini ikiwaka, ukiwa katika gia ndogo.

Kabla ya kutoa hewa

Usiongeze mafuta tu kwa sababu yamepungua. Pedi zikiisha, kiwango cha mafuta hushuka hata kama hakuna uvujaji. Angalia pedi kwanza: unene ukifika milimita 2, nunua mpya. Kisha kagua paipu, viungo vyake na kalipa. Ukiona unyevu wa mafuta, tengeneza uvujaji huo kwanza.

Tayarisha spana inayotoshea skrubu ya kutolea hewa (nyingi ni namba 8), bisibisi, mpira mwembamba unaoonyesha ndani, chupa, kitambaa, na mafuta mapya ya breki ambayo hayajafunguliwa. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo. Usitie mafuta ya injini, maji wala sabuni, huharibu breki.

Hatua za kutoa hewa

1. Simamisha pikipiki mahali tambarare na ugeuze usukani hadi kikopo kilale sawa. Funika tangi la petroli kwa kitambaa, kwa sababu mafuta ya breki hubabua rangi.
2. Safisha kifuniko, ukifungue, na ujaze mafuta hadi alama ya juu.
3. Vika mpira kwenye skrubu iliyo kwenye kalipa. Tumbukiza ncha ya pili katika mafuta kidogo ndani ya chupa.
4. Bana mkono wa breki polepole mara tatu au nne, kisha ushikilie ukiwa umebanwa.
5. Fungua skrubu robo mzunguko. Mafuta na mapovu yatatoka, na mkono utashuka. Funga skrubu kwanza, ndipo uachilie mkono.
6. Rudia hadi mapovu yaishe na mafuta yatoke safi. Ongeza mafuta kila mara kabla hayajafika alama ya chini. Kikopo kikikauka, hewa huingia tena na kazi huanza upya.
7. Kaza skrubu kwa kiasi, jaza kikopo hadi alama ya juu, na ukifunge. Osha kwa maji mafuta yaliyomwagika.

Mafuta yaliyotoka hayarudishwi. Ni sumu: usiyamwage shambani wala mtoni, na usiyaweke kwenye chupa ya soda ambayo mtoto anaweza kuinywa.

Dalili na maana yake

- *Mkono bado ni laini baada ya kutoa hewa:* kuna hewa iliyobaki au paipu inavimba. Gongagonga paipu kutoka chini kwenda juu, kisha rudia mara moja.
- *Mkono unashuka polepole ukiendelea kuubana:* kuna uvujaji, au mpira wa ndani wa masta silinda umeisha. Hii ni kazi ya fundi.
- *Gurudumu ni zito na diski inapata moto bila kushika breki:* pistoni ya kalipa imekwama. Nenda kwa fundi.
- *Mkono ni mgumu lakini pikipiki haisimami:* pedi au diski imepata mafuta au grisi. Safisha diski na ubadilishe pedi.
- *Sauti ya chuma kusaga chuma:* pedi zimeisha kabisa. Usiendeshe.

Jaribu kabla ya kubeba mtu

Bana mkono kwa nguvu kwa dakika moja huku ukiangalia kama kuna uvujaji. Kisha endesha peke yako, polepole, mahali tambarare, na usimame mara kadhaa. Kama umerudia na mkono bado ni laini, pikipiki isibebe abiria hadi fundi aitazame.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaruhusu abiria mmoja tu kwenye pikipiki, na inataka kofia ya usalama na jaketi ya kuakisi mwanga. Uzito wa abiria wa pili huongeza kazi ya breki kwenye kila mteremko. Nawe abiria, una haki ya kumuuliza mwendeshaji kuhusu breki kabla ya kupanda, na ya kushuka ukiona zinalegea.