KUACHA SIGARA NA KUTOIRUDIA

 

Ndugu mwanafunzi, hapa kwetu pwani mvutaji anayefunga Ramadhani hukaa bila sigara zaidi ya saa 12 kila siku. Basi asiseme hawezi kuacha. Lakini ikiadhiniwa magharibi huitafuta sigara hata kabla hajamaliza futari. Huyo hajaacha, ameahirisha tu.

Kuacha hasa ni kutubu, na toba ina masharti 3:

(i) Kuacha mara moja. Aya ya 195 ya Suratul Baqara yatosha kumuonya anayejiangamiza mwenyewe.

(ii) Kujuta kwa afya na mali iliyopotea.

(iii) Kuazimia kutorudia. Hapa ndipo wengi huanguka. Mwili uliozoea nikotini huidai, na siku chache za mwanzo ndizo ngumu zaidi: hasira, kukosa usingizi, kuumwa kichwa. Baada ya wiki chache hali hiyo hupungua. Hamu ikija, hupita kwa dakika chache. Basi tia udhu, kunywa maji, piga mswaki, ondoka penye moshi.

Jihadhari na neno "moja tu" barazani siku ya Idi. Hiyo moja ndiyo huita pakiti nzima. Waambie rafiki zako mapema kuwa umeacha, wasikukaribishe.

Na ukiteleza usikate tamaa. Tubu siku ile ile, usingoje Ramadhani nyingine.