Taa ya bure na neno la kweli

*Mtaalamu, najaribu taa za sola na kuwaeleza watu ubora wake kwa sauti za WhatsApp. Mfanyabiashara wa Goma anataka kunipa taa kadhaa na pesa ili nizisifu. Nikipokea, nimewasaliti wanaonisikiliza?* — Msomaji, Nyamitaba

Ndugu, hofu yako ni ya haki, lakini kupokea si usaliti. Kuficha ndiko usaliti. Zawadi hulainisha ulimi hata wa mtu mwaminifu, naye asijue, na anayeumia ni mama aliyeuza maharage yake anunue taa itakayozima baada ya mwezi. Ndiyo maana mpango wa VeraSol, unaopima ubora wa vifaa vya sola, hutaka sampuli zichukuliwe ghalani bila mtengenezaji kuzichagua. Nawe chagua taa mwenyewe dukani, iwashe usiku kadhaa, hesabu saa.

Utasema, nikitangaza kwamba nimelipwa, nani ataniamini? Watakuamini zaidi wakikusikia ukitaja kasoro ya taa ya anayekulipa. Marekani, tangu 2009, mwongozo wa serikali unawataka hata wanaoandika kwenye blogu kutaja malipo na zawadi. Wewe taja mwanzoni kabisa mwa sauti, si mwishoni watu wakishaondoka. Mwambie mfanyabiashara: unalipia muda wangu, hununui hukumu yangu. Akileta mkataba unaompa haki ya kufuta maneno yako, usitie sahihi kabla mwanasheria hajausoma. Na akitaka kasoro zisitajwe kamwe, mrudishie taa zake.